Ukiwa Sahihi Peke Yako: Somo Kutoka kwa Mwezi Mwandamo wa Wayahudi



Wapendwa vijana, leo nawaletea swali linalosumbua jumuiya nyingi, kwaya nyingi na hata familia zetu. Ukiwa na uhakika kabisa kwamba wewe uko sahihi na wenzako wamekosea, je, unaweza kuendelea kutembea nao? Au dhamiri inakudai ujitoe?

Wengi tuna jibu la haraka. Kuna wanaosema: ukweli ni ukweli, hata ukibaki peke yako. Kuna wanaosema: umoja kwanza, hayo mengine tutayamaliza mbele ya safari. Nadhani majibu yote mawili yakichukuliwa hivyo hivyo yanaumiza watu. La kwanza limevunja vikundi vingi. La pili limefunika maovu mengi. Kwa hiyo hebu tulifikirie taratibu, na nitawapitisha njia ndefu kidogo: kalenda ya Wayahudi.

Kwa nini Wayahudi? Kwa sababu ndiko tulikotoka. Yesu mwenyewe alihesabu siku zake kwa kalenda hiyo. Pasaka na Pentekoste tumezirithi huko. Mtakatifu Yohane Paulo II alipotembelea sinagogi la Roma tarehe 13 Aprili 1986 aliwatambua kama ndugu zetu wakubwa. Na mkubwa huwa na stori za nyumbani ambazo mdogo hazijui.

Nani anasema leo ni tarehe ngapi?

Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati: neno *mwezi* ni moja tu, la angani na la kwenye kalenda. Ndivyo Wayahudi walivyoishi. Mwezi ulipoandama, mwezi mpya ulianza.

Tatizo ni kwamba mwezi wa angani unachukua siku 29 na nusu hivi kurudi pale pale, na huwezi kuwa na nusu siku kwenye kalenda. Kwa hiyo mwezi mmoja unakuwa na siku 29, mwingine 30. Miezi 12 inafika siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ukiacha hivyo, sikukuu zinazunguka majira yote, kama Ramadhani inavyofanya kwa ndugu zetu Waislamu. Lakini Torati inataka Pasaka iwe wakati wa masika ya nchi ile, mazao yanapoanza kukomaa (Kumb 16:1). Ndiyo maana Wayahudi huongeza mwezi mzima wa 13 katika baadhi ya miaka, mara 7 katika kila miaka 19.

Sasa angalia uzito wa jambo hili. Mwaka Mpya, siku ya kupigwa baragumu la pembe la kondoo dume, ni tarehe 1 Tishri. Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga ambayo wengi huvaa nyeupe, ni tarehe 10 ya mwezi huo huo. Sikukuu ya Vibanda ni tarehe 15, mwezi ukiwa mpevu, na familia zinakula chini ya paa la matawi ambalo nyota zinaonekana ndani yake. Ukikosea tarehe moja, umekosea zote. Utakula siku ya kufunga, na utafunga siku ya kula.

Nani basi aliamua? Zamani hawakutumia jedwali. Waliamua kwa mashahidi. Aliyeuona mwezi mwandamo alipaswa kwenda mbele ya Baraza kutoa ushahidi, na aliruhusiwa kusafiri hata siku ya Sabato kwa ajili hiyo. Pale Yerusalemu palikuwa na ua maalumu wa kuwapokea, na waliandaliwa chakula kizuri ili watu wazoee kuja. Waliulizwa mmoja mmoja: mwezi ulikuwa upande gani wa jua? Ulikuwa juu kiasi gani? Umeinamia wapi? Maelezo yao yakilingana, mkuu wa Baraza alitangaza kwamba mwezi mpya umetakaswa, na watu wote wakaitikia.

Kisha habari ilisambazwa kwa moto. Mtu alipanda Mlima wa Mizeituni, akawasha mienge mirefu na kuipunga mpaka aone mwenzake wa mlima unaofuata anaitikia, hivyo hivyo mlima kwa mlima hadi kwa ndugu zao wa Babeli. Baadaye wapinzani wao wakaanza kuwasha mioto ya uongo milimani ili kuwachanganya watu (kumbe habari feki hazikuanza na WhatsApp!), ikabidi watumwe wajumbe wa miguu. Wajumbe hawakuweza kufika mbali kwa wakati, ndiyo maana hadi leo Wayahudi wengi wanaoishi nje ya Israeli huadhimisha siku mbili za sikukuu kubwa pale ambapo Israeli huadhimisha moja.

Rabi aliyeshika fimbo yake

Mwaka 70 Warumi waliliharibu Hekalu. Watu walibaki bila madhabahu, bila kuhani mkuu wa kuingia Patakatifu. Kikundi cha walimu kilikusanyika Yavneh, mji ulio karibu na pwani, na kilichowabakizia watu umoja ni Torati na kalenda. Kiongozi wao alikuwa Gamalieli wa pili, mjukuu wa yule Gamalieli aliyemfundisha Mtakatifu Paulo (Mdo 22:3). Inasimuliwa katika Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, kwamba chumbani kwake alikuwa na michoro ya mwezi kwenye ubao na ukutani, ili awaonyeshe mashahidi wasio na elimu: uliuona hivi, au vile?

Siku moja wakaja mashahidi wawili. Walidai kwamba waliuona mwezi kwa wakati wake, lakini usiku uliofuata haukuonekana tena. Gamalieli akawakubali. Rabi Dosa akapinga waziwazi: hao ni mashahidi wa uongo. Akatoa mfano wa mtu anayeshuhudia kwamba mwanamke fulani amejifungua, halafu kesho yake unamwona bado ana tumbo kubwa. Rabi Yehoshua, mmoja wa walimu wakubwa wa kizazi kile, akaona kwamba Dosa ana hoja.

Maana yake ni nini? Kwa hesabu ya Yehoshua, Siku ya Upatanisho ilikuwa inaangukia siku nyingine. Na huyu si mtu mdogo, watu wangemfuata. Taifa ambalo limeshapoteza Hekalu lingekuwa na Siku mbili za Upatanisho.

Gamalieli akamtumia amri: uje kwangu ukiwa na fimbo yako na fedha zako, siku ile ile ambayo kwa hesabu yako ni Siku ya Upatanisho.

Ndugu kijana, usilipite hili haraka. Kusafiri na fimbo na fedha siku ile ni kama kwenda kazini siku takatifu kuliko zote za mwaka. Mambo ya Walawi 23 inasema mtu afanyaye kazi siku hiyo, Mungu atamwangamiza atoke kati ya watu wake. Yehoshua aliambiwa afanye, mbele ya macho ya wote, kitu ambacho kwa hesabu yake kilikuwa dhambi nzito.

Rabi Akiva akamkuta ana huzuni kubwa. Akamwonyesha kitu katika andiko lenyewe: Mungu anaposema habari za sikukuu zake, anasema ni zile ambazo ninyi *mtazitangaza* (Law 23:4). Mungu mwenyewe ameweka tangazo la siku mikononi mwa jumuiya. Ikitangazwa kwa wakati wake au la, hakuna sikukuu nyingine iliyojificha mahali ikisubiri. Kisha Yehoshua akaenda kwa Dosa, yule yule aliyeanzisha pingamizi, na Dosa akamwambia kwamba wakianza kulichunguza upya baraza la Gamalieli, itabidi wayachunguze mabaraza yote tangu enzi za Musa.

Yehoshua akashika fimbo yake na fedha zake, akatembea mpaka Yavneh. Gamalieli alipomwona akasimama, akambusu kichwani, akamkaribisha kama mwalimu wake na mwanafunzi wake: mwalimu kwa sababu anamzidi hekima, mwanafunzi kwa sababu amekubali neno lake.

Je, aliusaliti ukweli?

Hapo ndipo swali letu linakuwa gumu. Mtu anaweza kusema: huyu Yehoshua ni mwoga tu. Aliujua ukweli akaukanyaga kwa sababu bosi amesema.

Mimi siamini hivyo, na Mtakatifu Thomas wa Akwino ananisaidia kueleza. Anafundisha kwamba sheria za wanadamu zinatoka katika sheria ya asili kwa njia mbili. Nyingine ni *hitimisho*: ukishajua kwamba hupaswi kumdhuru mtu, inafuata moja kwa moja kwamba hupaswi kuua. Hapo hakuna kikao kinachoweza kubadili. Nyingine ni *upangaji*: akili inajua kwamba kosa linastahili adhabu, lakini adhabu gani hasa, hiyo inapangwa na jamii. Aristotle alishaona jambo kama hilo: kuna mambo ambayo kabla hayajapangwa, hivi au vile ni sawa tu, lakini yakishapangwa yanatudai.

Mfano wa barabarani. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Ukivuka mpakani Rusumo unabadilisha upande. Nani yuko sahihi? Swali lenyewe halina maana. Lakini jaribu kubaki kushoto ukiwa Kigali, useme unafuata dhamiri yako!

Utanipinga: mwezi si kama upande wa barabara. Uliandama au haukuandama, huo ni ukweli wa angani. Kweli kabisa. Lakini hapa kuna vitu viwili. Kimoja ni mwezi wa angani, na huo hauhitaji kibali cha Baraza. Kingine ni sikukuu, yaani siku ambayo watu wote wa Mungu wanasimama pamoja mbele zake. Hicho cha pili hakipo bila watu wenyewe. Sikukuu ya mtu mmoja ni kama harusi ya mtu mmoja.

Na tazama Gamalieli alichoomba. Hakumwagiza Yehoshua aseme kwamba anawaamini wale mashahidi. Hakumtaka akane hoja yake. Kwanza alimpokea kama mwalimu anayemzidi hekima. Alimtaka atembee. Yehoshua alibaki na maoni yake kichwani, akaweka miguu yake pamoja na watu wake. Kuna tofauti kubwa kati ya kuombwa kutembea na kuombwa kusema uongo, na nadhani dhamiri nyingi za vijana zinachanganyikiwa hapo.

Na kiongozi je?

Ningeishia hapo, viongozi wangefurahi sana! Lakini stori ina sehemu ya pili, na ndugu zetu Wayahudi hawakuificha; imo katika Talmudi.

Gamalieli aliendelea kumbana Yehoshua. Siku moja, katika mabishano kuhusu sala ya jioni, alimwacha asimame mbele ya watu wote huku yeye akiendelea kufundisha ameketi. Watu wakachoka. Walihesabu mara alizomdhalilisha, ile ya kalenda ikiwemo, wakamwondoa kwenye uongozi, wakamweka kijana Eleazari. Gamalieli akalazimika kwenda nyumbani kwa Yehoshua kuomba msamaha. Alipoingia akakuta kuta nyeusi kwa masizi. Hakuwa amejua kamwe jinsi mwenzake anavyohangaika kupata riziki. Yehoshua akamweleza ukweli bila kupaka sukari: ole kwa kizazi kinachoongozwa na mtu asiyejua shida za watu wake. Gamalieli akaomba radhi. Mwishowe Yehoshua akamsamehe, na akarudishiwa sehemu ya uongozi wake.

Angalia watu wale wale wanavyotofautisha. Tarehe ya Gamalieli waliifuata. Dharau yake hawakuivumilia. Kupanga siku ni mamlaka aliyopewa. Kumvunjia mtu heshima hakupewa na yeyote.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "umoja, umoja" ili mchango wa kikundi usihojiwe, au ili binti aliyeumizwa anyamaze, jua kwamba hapo hatuzungumzii tena upangaji. Wizi ni wizi, na kumdhuru mtu ni kumdhuru mtu, hata kikao kizima kikinyoosha mikono. Hapo Petro ameshatupa jibu: imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu (Mdo 5:29). Umoja si shuka la kufunikia uchafu.

Sisi nasi tuna mwezi wetu

Huenda unasema haya ni ya Wayahudi. La hasha. Kanisa lilipita njia hiyo hiyo, na kwa sababu ya mwezi huo huo.

Wakristo wa Asia waliadhimisha Pasaka siku ya 14 ya Nisani, siku yoyote ya wiki. Roma waliadhimisha Jumapili. Mnamo mwaka 155 hivi, mzee Polikarpo, askofu wa Smirna, alikwenda Roma kuzungumza na Papa Aniseti. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Na bado Aniseti alimpa Polikarpo heshima ya kuadhimisha Ekaristi katika kanisa lake, wakaagana kwa amani. Miaka kama 35 baadaye Papa Vikta alitaka kuwatenga Wakristo wa Asia kwa sababu ya tarehe hiyo. Aliyemwandikia kumsihi asifanye hivyo ni Mtakatifu Ireneo wa Lyon, ambaye yeye mwenyewe aliadhimisha Jumapili! Alikubaliana na Papa juu ya siku, akawatetea ndugu waliokuwa na siku tofauti. Mwaka 2022 Papa Fransisko alimtangaza Ireneo kuwa Mwalimu wa Kanisa, kwa jina la Mwalimu wa Umoja.

Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, uliamua tuadhimishe wote siku moja. Leo Pasaka yetu ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu ulioangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Lakini huo ni mwezi wa jedwali la Kanisa. Hatutoki nje kuutafuta. Mwaka 2019 jedwali na anga vilipishana. Angani mwezi ulipevuka tarehe 21 Machi, saa chache tu baada ya jua kuvuka ikweta. Kwa jedwali la Kanisa ulihesabiwa tarehe 20, siku moja mapema mno, tukasubiri mwezi uliofuata. Kwa kufuata anga Pasaka ingekuwa 24 Machi. Tuliadhimisha 21 Aprili. Je, Aleluya yetu ilikuwa ya uongo? Hapana. Kristo amefufuka kweli, hilo hakuna jedwali linaloligusa. Siku ya kuimba pamoja tunapangiana.

Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika nyongeza ya hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema haupingi Pasaka kuwekwa kwenye Jumapili moja maalumu, ilimradi Wakristo wengine nao wakubali. Yaani Kanisa lenye mamlaka ya kupanga linasema: tutawasubiri ndugu.

Matawi manne mkononi

Katika Sikukuu ya Vibanda Wayahudi hushika pamoja vitu vinne (Law 23:40): tunda la jamii ya limau, tawi la mtende, mhadasi na mwerebi. Mapokeo yao yanasema tunda lina ladha na harufu nzuri. Mtende unatoa ladha, hauna harufu. Mhadasi una harufu, hauna ladha. Mwerebi hauna hata kimoja. Ndivyo watu walivyo: wapo wenye elimu na matendo mema, wapo wenye kimoja, wapo wasio na chochote cha kuonyesha. Na Mungu anataka washikwe pamoja. Ukiuacha mwerebi nyumbani kwa sababu haunukii, hujatimiza sikukuu, hata tunda lako liwe zuri namna gani.

Basi kesho kikao cha vijana kikipanga jambo unaloona si sahihi, kabla hujatoka kwenye kundi kwa hasira, jiulize maswali matatu:

1. Jambo hili ni la kupangwa, kama tarehe, sare, ratiba na nyimbo? Au ni la haki, ambalo hakuna kikao kinachoweza kulibadili?
2. Ninaombwa kutembea na wenzangu, au ninaombwa kusema uongo?
3. Nikikubali, anayeumia ni nani? Kama ni kiburi changu, kitapona. Kama ni mnyonge, sina ruhusa ya kunyamaza.

Na wewe uliyepewa uongozi, jiulize la nne: mwenzangu anapokuja na fimbo yake, amemeza maumivu yake kwa ajili yetu, je, ninasimama na kumheshimu? Au ninakaa nikifurahia kwamba nimeshinda?

Ee Bwana Yesu, usiku ule wa mwezi mpevu uliomba ili sote tuwe wamoja. Utupe akili ya kujua lipi ni la kupanga na lipi ni la kusimamia hadi mwisho. Amina.